Toleo la Kawaida au la Juu? Hesabu ya Pikapu Kabla Hujatuma Dipoziti

Jumamosi moja, kama saa tano asubuhi, binamu yangu alinipigia simu akiwa ndani ya yadi ya magari. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya mtu ambaye muuzaji amesimama hatua mbili kutoka alipo. "Nilikuja kuchukua ile pikapu ya kawaida," akaniambia, "lakini wanasema nikiongeza kidogo tu napata ile ya juu. Iko na skrini, viti vya ngozi, rimu za kung'aa. Niongeze?"

Hicho "kidogo" kilikuwa shilingi milioni moja na laki mbili.

Binamu yangu hununua viazi Njabini, Kinangop Kusini, na kuvipeleka soko la Wakulima jijini Nairobi, lile ambalo wengi tunaliita Marikiti. Kwa miaka kadhaa amekuwa akikodi pikapu za watu. Sasa sacco yake imekubali kumpa mkopo, na wadhamini ni wanne, mmoja wao mama yake mzazi. Unajua vile mambo ya wadhamini huenda: ukikwama, akiba yao ndiyo hukatwa. Nikamwambia aage kwa heshima, asilipe hata ile ya "kushikilia gari", arudi nyumbani tukae na kikokotoo.

Kila wiki tunapata maswali ya wateja wanaoweka pesa kwenye simu kwa ajili ya kununua gari la kazi, na mengi yanafanana na hili la binamu. Kwa hivyo leo tufungue hesabu hiyo yote. Bei nitakazotumia nimezisawazisha ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Bei ya yadi yako itakuwa tofauti, lakini njia ya kupiga hesabu ni ile ile.

Kwanza, toleo ni nini hasa?

Pikapu moja huuzwa kwa sura nyingi. Jina kwenye mlango wa nyuma linaweza kuwa lile lile, lakini ndani kuna ngazi. Ford Ranger, kwa mfano, huanzia XL, inapanda hadi XLT, kisha Wildtrak. Kampuni nyingine zina herufi zao. Kwenye Isuzu D-Max, ukiona TFR hiyo inasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na TFS ni ya magurudumu manne, yaani 4x4. Herufi hizi ndizo zitakazoandikwa kwenye ankara, kwa hivyo jifunze kuzisoma kabla hujafungua mfuko.

Ukipanda ngazi, mambo manne hubadilika, na wauzaji hupenda kuyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna umbo la gari: kebini moja au dabo kebini. Kuna mitambo: injini, giya, 4x4. Kuna vifaa vya usalama: mifuko ya hewa, breki za ABS, mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Halafu kuna starehe na urembo: skrini, ngozi, taa za mapambo, rimu za aloi, kitufe cha kuwashia injini. Hizi za mwisho ndizo zinazoonekana ukiwa umesimama yadi, na ndizo muuzaji huanza nazo. Simlaumu, mimi mwenyewe nimesomea mauzo. Mteja huonyeshwa kinachong'aa kwanza, kisha bei hutajwa kama nyongeza ya kila mwezi badala ya jumla. "Ni elfu ishirini na sita tu kwa mwezi, boss."

Haya, tuanze na hiyo elfu ishirini na sita.

Milioni 1.2 huwa haibaki milioni 1.2

Tuseme pikapu ya kawaida, kebini moja yenye 4x4, ni KSh 4,000,000. Ile ya juu, dabo kebini na mapambo yake, ni KSh 5,200,000. Dipoziti ni asilimia 20. Riba ni asilimia 14 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, na unalipa kwa miezi 48.

Ya kawaida: dipoziti 800,000, mkopo 3,200,000, malipo ya mwezi kama 87,450. Ya juu: dipoziti 1,040,000, mkopo 4,160,000, malipo ya mwezi kama 113,700.

Tofauti ya mwezi ni 26,200 na ushei. Zidisha kwa miezi 48, ongeza ile tofauti ya dipoziti ya 240,000, na unafika karibu milioni 1.5. Hapo bado bima. Bima kamili hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tukichukua asilimia 4, gari la juu litakula 48,000 zaidi mwaka wa kwanza. Thamani ikishuka kila mwaka, bima nayo hushuka, lakini kwa miaka minne bado utakuwa umetoa kama 150,000 zaidi. Jumla sasa ni karibu milioni 1.65. Yaani kwa kila shilingi 100 za tofauti uliyoiona kwenye kioo cha gari, utalipa kama 137.

Hizi namba kubwa huwa hazitushtui. Milioni ni neno tu. Kwa hivyo tulizigeuza ziwe lugha ya mtu anayepokea pesa kwa Till kila jioni: siku ya kazi. Binamu hufanya kazi siku sita kwa wiki, kama siku 26 kwa mwezi. Chukua tofauti ya malipo ya mwezi, ongeza tofauti ya bima ya mwaka wa kwanza iliyogawanywa kwa miezi 12, kisha gawanya kwa 26. Unapata kama KSh 1,160.

Kila siku ya kazi, kwa miaka minne, ile pikapu ya juu inataka shilingi 1,160 zaidi kuliko ya kawaida. Mvua inyeshe, viazi vishuke bei, mtoto aumwe.

Sasa angalia upande wa kuingiza. Baada ya mafuta, wapakiaji na ushuru wa soko, safari moja humwachia binamu kama 5,500. Ya kawaida, pamoja na bima yake, inataka kama 3,880 kila siku ya kazi. Anabaki na 1,620. Ya juu inataka kama 5,040. Anabaki na 460. Na hizo 460 ndizo za tairi, servisi, karo, unga na dharura zote.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri: "Si nitaongeza safari?" Ili kufidia tofauti, angehitaji safari tano na nusu zaidi kila mwezi, tuseme sita. Lakini tayari anaenda Nairobi mara moja kila siku, siku sita. Anaondoka Njabini usiku wa manane ili afike soko likifunguka. Hizo safari sita angezitoa wapi? Viti vya ngozi haviongezi saa kwenye siku.

Pima mzigo kwanza, kisha uangalie skrini

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Kwa aina ile ile ya pikapu, ya kebini moja huwa na sehemu ya mzigo yenye urefu wa karibu mita 2.3. Dabo kebini hubaki na kama mita 1.5, kwa sababu ile nafasi nyingine imeenda kwa viti vya nyuma. Na bodi ya dabo kebini yenye vifaa vingi ni nzito zaidi, hivyo uzito inaoruhusiwa kubeba mara nyingi hupungua. Umelipa zaidi, umebeba kidogo.

Gunia la viazi kisheria halifai kupita kilo 50, tangu kanuni za viazi za mwaka 2019. Magunia 20 ni tani moja, na hiyo ndiyo kazi ambayo pikapu ya kebini moja imetengenezewa. Jaribu kupanga magunia 20 kwenye mita moja na nusu uone yanavyopanda juu ya paa la kebini, kisha uteremke nayo kona za kutoka Kinangop. Mimi siwezi kuketi kwenye gari hilo.

Kama mzigo wako ni mwepesi na wa thamani kubwa, mathalani simu, dawa za duka au vifaa vya kamera, hesabu inageuka. Vitu hivyo vinakaa salama ndani ya kebini, mlango umefungwa. Fundi wa umeme anayebeba vijana wanne na vifaa vyao kwenda mjengo anahitaji viti vitano. Kuwapakia vijana nyuma kwenye mzigo ni hatari na polisi hawatakuacha. Huyo dabo kebini inamlipa. Lakini hata hapo, kumbuka dabo kebini nayo ina toleo lake la kawaida. Kutaka viti vya nyuma hakukulazimishi kununua ngozi.

Na familia? Hili tusilipuuze. Pikapu ya kebini moja inabeba dereva na abiria mmoja, labda wawili. Kama dabo kebini itakuwa gari la kazi Jumatatu hadi Jumamosi na gari la nyumbani Jumapili, na bila hiyo ungenunua gari dogo la pili, basi gharama ya hilo gari la pili iingie kwenye hesabu. Iandike kwa shilingi. Usiiache iwe "pia itatusaidia nyumbani", kwa sababu sentensi hiyo imeuza magari mengi sana nchini.

Swali moja linalopanga kila kitu

Kwa kila kifaa cha toleo la juu, jiulize: naweza kukiongeza baadaye?

Redio ya skrini inaweza kuongezwa. Nenda Kirinyaga Road, Nairobi, utapata ya kila ukubwa, na fundi wa kuifunga yuko hapo hapo. Kamera ya kurudi nyuma, vifuniko vya viti, taa za ukungu, ngazi za pembeni, turubai au kibanda cha nyuma, vyote huongezwa. Uliza tu kwanza kwa yule aliyekuuzia kama kukata nyaya kutavuruga dhamana ya gari. Mara nyingi wana orodha ya kinachoruhusiwa.

Mifuko ya hewa haiongezwi. Mfumo wa uthabiti, ule unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza kwenye kona, hauongezwi. ABS haiongezwi kwa bei ya maana. 4x4 haiongezwi, labda ununue nusu ya gari lingine. Injini na urefu wa sehemu ya mzigo ndivyo vilivyo siku unayochukua funguo.

Kwa hivyo pesa ya ziada, kama ipo, iende kwenye hivi vya pili. Hapa ndipo toleo la kawaida hukosea mara nyingine. Kuna pikapu za bei ya chini kabisa zinazouzwa bila mifuko ya hewa ya kutosha au bila mfumo wa uthabiti, na vifaa hivyo vinapatikana ngazi moja tu juu. Ukikuta hali hiyo, panda hiyo ngazi moja. Unabeba tani nzima nyuma yako kwenye barabara ya Nakuru kwenda Nairobi saa tisa usiku, katikati ya malori. Usihesabu hiyo kama starehe.

Lakini pia usidhani kuhesabu mifuko ya hewa kunatosha. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liligongesha pikapu ya Nissan NP300 Hardbody, toleo lililouzwa Afrika, na likaipa nyota sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Ilikuwa na mifuko ya hewa. Shida ilikuwa bodi yenyewe kushindwa kuhimili kishindo. Toleo la juu la gari dhaifu hubaki gari dhaifu lenye redio nzuri. Matokeo ya majaribio hayo yako kwenye intaneti bure. Tafuta jina la gari lako kabla ya kuanza kubishana kuhusu rangi.

4x4: shilingi 390 kwa siku

Binamu alikuwa na chaguo la tatu: ile ya kebini moja bila 4x4, kwa 3,600,000. Laki nne chini. Tukifuata hesabu ile ile, 4x4 peke yake ingemgharimu kama 390 kila siku ya kazi, yaani kama 10,100 kwa mwezi. Hizo ni faida za safari mbili.

Swali likawa: bila 4x4, anapoteza safari ngapi? Tulifungua taarifa ya miamala ya simu yake ya mwaka mzima. Hii ni kazi ya dakika kumi na ninakusihi uifanye. Siku ambazo hakuna pesa iliyoingia kutoka sokoni zilikuwa zimejazana Aprili, Mei na Novemba, wakati wa mvua, akiwa amekwama na pikapu ya kukodi isiyo na 4x4. Pia kulikuwa na malipo madogo madogo kwa mwenye trekta, elfu mbili hapa, elfu mbili na mia tano pale. Alikuwa ameyasahau yote. Ukizigawanya kwa mwaka, safari zilizopotea na trekta vilizidi safari mbili kwa mwezi. 4x4 ikapita.

Ndugu yangu unayesambaza mitungi ya gesi Thika au mkate Mombasa, mahali pote kwenye lami, hesabu yako haitafika huko. Mfumo wa 4x4 unaongeza uzito, unakunywa mafuta zaidi kidogo, na una difu ya mbele na propela ya kutunza. Kwenye lami kavu unabeba vyuma visivyokufanyia kazi. Wewe chukua ya magurudumu mawili ya nyuma, na hiyo laki nne ibaki kwako.

Rimu, giya na vitu vidogo vinavyokula pesa

Rimu kubwa za aloi ni nzuri kwa macho. Lakini toleo la juu mara nyingi huja na rimu za inchi 17 au 18, na tairi zake ni ghali kuliko zile ndogo za kazi. Unanunua tairi nne, tena na tena. Halafu rimu ya chuma ikipinda kwenye shimo, fundi wa jua kali huigonga ikarudi, unaendelea na safari. Ya aloi hupasuka. Tairi za toleo la kawaida pia huwa na ukuta mrefu na ni za kubeba mzigo, ambazo huvumilia mawe. Hapa toleo la chini linashinda kabisa, sioni haja ya kuzunguka.

Giya ya otomatiki ni mjadala. Kama ni wewe unayeendesha, na njia yako ni msongamano wa Mombasa Road asubuhi na jioni, goti lako litakushukuru. Kama umeajiri dereva, na madereva hubadilika, giya ya mkono ina faida kwamba kila gereji ya mji mdogo inaijua. Klachi ikiisha inabadilishwa. Otomatiki ikiharibika vibaya, andaa pesa na subira.

Kuhusu kuuza baadaye, utaambiwa toleo la juu "linashikilia bei". Gari lote lina bei yake sokoni, ndiyo, lakini skrini ya miaka sita ni skrini ya miaka sita. Anayenunua pikapu iliyotumika anaangalia injini, chesisi na kama imewahi kupinduka. Pikapu ya kazi ya kebini moja, isiyo na historia mbaya, haikai yadi muda mrefu.

Mkopo: usidanganywe na namba ndogo

Turudi kwenye pesa. Utakutana na aina mbili za riba na hazilingani. Riba ya salio linalopungua hutozwa kwa kile unachodaiwa bado. Riba isiyopungua hutozwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, hata ukiwa umebakisha mwezi mmoja.

Chukua ule mkopo wa 3,200,000 kwa miaka minne. Kwa asilimia 14 ya salio linalopungua, riba yote ni kama 997,000. Kwa asilimia 8 isiyopungua, ni 256,000 mara nne, yaani 1,024,000. Asilimia 8 imekuwa ghali kuliko asilimia 14! Kwa hivyo swali la kuuliza ni moja: "Jumla nitakayolipa hadi shilingi ya mwisho ni ngapi?" Iandikwe kwenye karatasi, pamoja na ada ya kushughulikia mkopo, kifaa cha kufuatilia gari na bima ya mkopo kama zipo.

Kuna gharama nyingine ambazo hazijali toleo. Pikapu hulipa kodi ya awali kwa KRA kila mwaka, KSh 2,500 kwa kila tani ya mzigo au KSh 5,000, ile iliyo kubwa, na hukatwa kwenye kodi yako ya mwisho wa mwaka ukiwasilisha. Kuna ukaguzi wa NTSA kila mwaka kwa magari ya kibiashara. Na kama biashara yako imesajiliwa kwa VAT, zungumza na mhasibu kabla ya kuchagua umbo: sheria hairuhusu kudai VAT ya gari la abiria, na dabo kebini ya kifahari inaweza kuzua maswali ambayo pikapu ya kebini moja haizui.

Jaribio la siku tisini

Hili ndilo nililomlazimisha binamu afanye, na ndilo ningependa ufanye kabla ya kusaini chochote. Fungua akiba ya kufungwa kwenye simu yako. Kila siku ya kazi, kwa miezi mitatu, weka kiasi ambacho pikapu unayoitaka ingedai. Kwake ilikuwa 5,040, kwa sababu moyo wake ulikuwa bado kwa ile ya juu. Akatoa ile pesa ya kukodi ambayo angeacha kulipa, akaongezea kutoka kwenye faida.

Wiki ya kwanza alinitumia picha ya salio kila jioni, amefurahi. Wiki ya nne picha zikapungua. Wiki ya sita viazi vilishuka bei kwa siku nane mfululizo na akaruka siku tano. Mwisho wa mwezi wa pili alinipigia akasema ashuke hadi 3,880. Hiyo aliimaliza bila kuruka.

Jaribio hili halina hasara. Ukifaulu, una sehemu ya dipoziti. Ukishindwa, umeshindwa ukiwa na pesa zako mwenyewe, na wadhamini wako hawajaguswa.

Siku ya kulipa

Muamala mmoja wa pesa za simu hufika KSh 250,000, na akaunti yako haishiki zaidi ya KSh 500,000. Dipoziti ya 800,000 haiwezi kupita kwa mkupuo. Ungeigawanya mara nne kwa siku mbili, na sisi wenyewe tunakwambia: kwa kiasi hicho tumia uhamisho wa benki, au PesaLink ambayo hufika KSh 999,999. Simu itumie kwa ada ya kushikilia gari na malipo madogo.

Lipa kwa nambari ya Paybill au Till ya kampuni tu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lilingane na jina lililo kwenye ankara. Muuzaji akikwambia tuma kwa nambari yake binafsi "ili gari lisichukuliwe na mwingine", gari na lichukuliwe. Ankara iandike toleo kamili, nambari ya chesisi na kila kifaa ulichoahidiwa, kwa sababu kuna watu wamelipia 4x4 wakaletewa ya magurudumu mawili na kuanza kubishana getini. Ukienda kuchukua, ingia chini ya gari uone difu ya mbele kwa macho yako.

Binamu alichukua ya kebini moja, 4x4, nyeupe, rimu za chuma. Mwezi wa tatu alienda Kirinyaga Road akafungiwa redio ya skrini na kamera ya nyuma, na akalipia kwa faida ya safari chache. Kila jioni, kabla hata ya kuomba chai, anasukuma 3,900 kwenye akiba ya mkopo. Jumapili familia bado inaenda kanisani kwa matatu, na mke wake hajaacha kumkumbusha.